Bilioni na Billón: Historia ya Neno Moja Lenye Hesabu Mbili

Tatizo la neno moja la Kiingereza lenye maana kadha humkabili kila mfasiri, awe wa lugha yoyote ile. Mfasiri wa Kihispania, kwa mfano, akilikuta neno ‘fish’ hana budi kwanza aulize kama samaki anayetajwa yungali hai majini, ambaye huitwa pez, au amekwisha kuvuliwa ili aliwe, ambaye huitwa pescado. Akilikuta neno ‘corner’, ni lazima ajue kama pembe hiyo inatazamwa kutoka ndani, kama pembe ya chumba, nayo ni rincón, au inatazamwa kutoka nje, kama pembe ya barabara, nayo ni esquina. Akilikuta neno ‘free’, itambidi achague baina ya libre, yaani huru, na gratis, yaani bila malipo. Katika mifano yote hii muktadha humsaidia mfasiri. Hata akikosea, msomaji aghalabu hulitambua kosa mara moja, kwa kuwa sentensi yenyewe hukataa kuleta maana.

Liko kundi jingine la maneno lisilokuwa na msaada huo, nalo ni majina ya hesabu kubwa. Sentensi isemayo kwamba nchi fulani inadaiwa bilioni kadha haikatai kitu chochote. Ni sahihi kisarufi, inaeleweka, na msomaji asiyekuwa mtaalamu wa fedha hana kipimo cha kuipimia. Kosa likiingia hapo hukaa kimya, nalo si kosa dogo, bali ni kosa la mara elfu moja. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi neno la Kiingereza ‘billion’ lilivyopata maana mbili, jinsi Kihispania kilivyolishughulikia, na jambo ambalo sisi watumiaji wa Kiswahili tunaweza kujifunza kutokana na historia hiyo.

Asili ya majina yenyewe

Lugha nyingi zilikaa karne nyingi bila kuhitaji jina la hesabu iliyo kubwa kupita maelfu. Kiswahili kilipata elfu kutoka Kiarabu, na laki kutoka lugha za Bara Hindi kwa njia ya biashara. Kihispania cha zamani kilikuwa na neno lake la elfu mara elfu, nalo lilikuwa cuento, linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya hesabu. Hazina za wafalme wa Kastilia zilihesabiwa kwa cuentos za sarafu zilizoitwa maravedí. Baadaye neno millón, lenye asili ya Kiitalia na maana ya ‘elfu kubwa’, lilichukua nafasi hiyo. Cuento likabaki na maana yake nyingine, yaani hadithi, ndiyo maana inayojulikana sana hata leo.

Hatua ya juu ya milioni ilipigwa nchini Ufaransa. Mwaka 1484, katika mji wa Lyon, mtaalamu wa hesabu aitwaye Nicolas Chuquet aliandika kitabu ambacho hakikupigwa chapa mpaka mwaka 1880. Ndani yake alipanga tarakimu katika mafungu ya sita sita na kuyapa mafungu hayo majina: million, byllion, tryllion na kuendelea. Kanuni yake ilikuwa rahisi na yenye mantiki. Kiambishi cha mwanzo kilitaja ni mara ngapi milioni imezidishwa kwa nafsi yake. ‘Bi’ ni mbili, basi byllion ni milioni mara milioni, yaani moja na sifuri 12. ‘Tri’ ni tatu, basi tryllion ni moja na sifuri 18. Tangu hapo istilahi ilikuwa imebeba ufafanuzi wake ndani ya umbo lake, jambo ambalo kila mwundaji wa istilahi hulitamani.

Lugha moja, hesabu mbili

Mpango huo haukudumu katika nchi ulikozaliwa. Katika karne ya 17 baadhi ya waandishi wa Kifaransa walianza kuzigawa tarakimu katika mafungu ya tatu tatu badala ya sita sita. Majina hayakubadilishwa, lakini yalishuka ngazi. Billion likawa na sifuri 9, na trillion likawa na sifuri 12. Watu wa Marekani waliufuata mpango huu wa pili. Uingereza, Ujerumani na Hispania ziliendelea na ule wa kwanza.

Hivyo ndivyo Kiingereza kilivyokuja kuwa na neno moja lenye hesabu mbili, moja kila upande wa bahari ya Atlantiki. Mfano ulio wazi ni ule wa Ujerumani wa mwezi Novemba 1923, wakati dola moja ya Marekani ilipofikia bei ya marki 4,200,000,000,000. Kwa desturi ya Uingereza ya wakati ule hizo ni ‘billion’ 4.2, kwa desturi ya Marekani ni ‘trillion’ 4.2. Mjerumani na Mhispania wote wawili walikubaliana na Mwingereza. Hakuna aliyekosea, kwani kila mmoja alikuwa sahihi kwa mujibu wa shule yake.

Ufaransa yenyewe ilirudi ilikotoka. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 1948 ulizishauri nchi za Ulaya zifuate mpango wa mafungu ya sita, na mwaka 1961 serikali ya Ufaransa iliuthibitisha kwa amri rasmi. Kwa hesabu yenye sifuri 9 Wafaransa walikuwa na neno jingine tayari, nalo ni milliard, lililopata umaarufu mkubwa baada ya vita vya 1870–1871, pale Ufaransa ilipolazimika kuilipa Ujerumani fidia ya faranga milliard tano.

Uingereza ilikwenda kinyume. Tarehe 20 Desemba 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alilijibu Bunge kwamba mawaziri wake watalitumia neno ‘billion’ kwa maana ya milioni elfu moja, kwa kuwa hiyo ndiyo maana iliyokwisha kuenea katika mawasiliano ya kimataifa. Tunaomba wafasiri waikumbuke tarehe hiyo. Hati ya Kiingereza iliyoandikwa London kabla ya hapo haiwezi kusomwa kwa macho yale yale yanayosoma hati ya leo. Kubadilika kwa maana hakukubadilisha hata herufi moja ya neno, na kwa hiyo hakuna alama yoyote ndani ya maandishi inayomwonya msomaji.

Kihispania na pengo la sifuri tisa

Kihispania hakikutetereka. Billón limebaki milioni mara milioni, na trillón limebaki moja na sifuri 18. Lakini uthabiti huo uliacha pengo. Baina ya millón na billón hapakuwa na neno moja la kutaja hesabu yenye sifuri 9. Wasemaji walitumia maneno mawili, mil millones, yaani ‘milioni elfu’, na kwa muda mrefu hayo yalitosha.

Shida ilizidi kadiri fedha za mataifa zilivyokua, na hasa kadiri hati za fedha zilivyozidi kuandikwa kwanza kwa Kiingereza kule Washington. Mwezi Agosti 1982 Meksiko iliwatangazia wadai wake kwamba haiwezi kuendelea kulipa madeni yake ya nje, yaliyokuwa yamefikia takriban dola bilioni 80. Kwa Kihispania hizo ni 80 mil millones. Mfasiri aliyelifuata umbo la neno la Kiingereza na kuandika 80 billones angeizidishia Meksiko deni lake mara elfu, na kulifikisha kwenye kiasi kinachopita mapato ya dunia nzima ya mwaka ule.

Huu ndio ule mtego ambao wafasiri huuita rafiki wa uongo: maneno mawili ya lugha mbili yanayofanana sura lakini yanayotofautiana maana. Kwa maneno ya kawaida mtego huu huleta kicheko au utata. Kwa maneno ya hesabu huleta hasara.

Kuzaliwa kwa millardo

Hoja ya kulijaza pengo hilo ililetwa na Venezuela. Nchi hiyo ilikuwa imepatwa na msukosuko mkubwa wa mabenki mwaka 1994, sarafu yake ilikuwa ikishuka thamani, na hesabu za serikali zilikuwa zikitajwa kwa maelfu ya mamilioni kila siku. Rais wa wakati huo, Rafael Caldera, alikuwa pia mwanachama wa Akademia ya Lugha ya Venezuela. Alipendekeza Kihispania kilipokee neno millardo, kwa kulifuata milliard la Kifaransa, litumike kwa maana ya milioni elfu moja. Akademia ya Kifalme ya Hispania, ambayo imekuwako tangu mwaka 1713, ililikubali pendekezo hilo mwaka 1995, na neno likaingia katika toleo la kamusi yake la mwaka 2001.

Kwa upande wa uundaji wa istilahi pendekezo hili halikuwa na dosari kubwa. Neno lilikuwa fupi. Lilikuwa na ndugu katika Kifaransa, Kijerumani na Kiitalia, na Waarabu pia husema milyar. Halikuligusa neno billón, na kwa hiyo halikuvuruga kitabu chochote kilichokwisha kuandikwa. Zaidi ya hayo liliondoa usumbufu wa kweli. Maneno mil millones hayakubali sehemu za desimali kwa urahisi. Anayetaka kutaja mbili na nusu hujikuta akiandika ‘milioni 2,500’ badala ya kusema kwa wepesi kama asemavyo Mfaransa.

Hata hivyo, neno lililokubaliwa na Akademia si lazima likubaliwe na sokoni. Venezuela walilitumia. Kwingineko, kuanzia Hispania hadi Meksiko, magazeti na watu wa kawaida waliendelea na mil millones, na mpaka leo ndiyo njia iliyoenea zaidi. Sababu haiko mbali. Kila msemaji wa Kihispania aliyepita darasa la kwanza la hesabu anaelewa mil na anaelewa millones, na akiyaunganisha hahitaji kamusi. Millardo lilimdai ajifunze kitu kipya ili apate kusema jambo ambalo tayari alikuwa akilisema.

Nayo Venezuela ilifika mahali ambapo hata millardo halikutosha. Sarafu yake ilipunguziwa sifuri 3 mwaka 2008, sifuri 5 mwaka 2018, na sifuri 6 mwaka 2021, jumla ya sifuri 14 katika muda wa miaka 13. Istilahi inaweza kusaidia kuzitaja hesabu. Haiwezi kuzizuia zisikue.

Kwa upande mwingine, wasemaji wengi wa Kihispania walioko Marekani na Puerto Rico wameanza kulitumia billón kwa maana ya jirani yao wa Kiingereza, yaani sifuri 9. Kamusi ya matatizo ya lugha iliyotolewa na Akademia mwaka 2005 inawaonya watumiaji dhidi ya matumizi hayo. Lakini onyo hilo ni ushahidi kwamba jambo lenyewe lipo. Kwa hiyo mfasiri anayepokea hati ya Kihispania leo hana budi kuuliza si lugha yake tu, bali pia mahali ilikoandikwa.

Nukta na mkato

Kwa mtu aliyesoma hesabu kwa mtindo wa Kiingereza, hatari haimaliziki kwenye maneno. Nchini Hispania, kwa desturi ya muda mrefu, maelfu hutenganishwa kwa nukta, na desimali huonyeshwa kwa mkato. Meksiko hufuata mtindo ulio sawa na wetu. Hivyo basi 1.500 millones katika gazeti la Madrid ni milioni elfu moja na mia tano, yaani bilioni moja na nusu. Msomaji wa Nairobi au Dodoma asiyejihadhari ataona milioni moja na nusu. Hapa tena kosa ni la mara elfu, na safari hii halikuletwa na neno bali na kitone cha wino. Kitabu cha tahajia cha Akademia cha mwaka 2010 kinashauri kwamba mafungu ya tarakimu yatenganishwe kwa nafasi tupu, ili nukta na mkato viache kugombana. Ushauri huo ni mzuri, lakini maandishi yaliyotangulia hayatabadilika, na waandishi wengi bado hufuata desturi zao za zamani.

Mafunzo kwetu

Huenda msomaji akauliza historia hii ya Wahispania inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu Kiswahili kimelikopa neno bilioni kutoka Kiingereza, na kimelipokea kwa maana iliyoshinda, yaani milioni elfu moja. Trilioni yetu ina sifuri 12. Tanzania ilipopanga bajeti ya shilingi trilioni 49.35 kwa mwaka 2024/25, mfasiri wa Kihispania alipaswa kuandika billones, wala si trillones. Akifuata sauti ya neno letu ataizidishia nchi bajeti yake mara milioni moja.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Bajeti ya Kolombia ya mwaka 2023 ilipitishwa kwa kiasi cha billones 405 na zaidi za peso. Kwa Kiswahili hizo ni trilioni 405. Mfasiri wetu akiandika ‘bilioni 405’ atakuwa amesema, kwa bei ya fedha ya mwishoni mwa mwaka 2022, kwamba taifa lenye watu zaidi ya milioni 50 linaendeshwa kwa dola zipatazo milioni 84 kwa mwaka, yaani chini ya dola mbili kwa kila raia. Hesabu ndogo kama hii, ya kugawa kiasi kwa idadi ya watu, humchukua mfasiri dakika moja tu. Tunaipendekeza kwa kila anayefasiri habari za fedha, kwa kuwa ndiyo kipimo ambacho sentensi yenyewe haitoi.

Tena jambo hili si la ng’ambo tu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda na Burundi, ambako shule na ofisi zilifuata Kifaransa, wasemaji hutumia miliari kwa kile tunachokiita bilioni. Rwanda na Burundi zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kongo ilijiunga mwaka 2022. Hati za Jumuiya sasa hupita mikononi mwa watumishi waliolelewa katika mipango miwili ya hesabu. Mtumishi wa Bujumbura akiona ‘bilioni’ anaweza kudhani ni ‘billion’ ya Kifaransa, yenye sifuri 12.

Je, tulipokee neno miliari katika Kiswahili sanifu? Wapo watakaosema ndiyo, kwa hoja zile zile nzuri zilizotolewa kwa ajili ya millardo. Sisi hatuafiki. Bilioni limekwisha kukaa katika vitabu vya shule, katika magazeti na katika sheria za fedha, nalo halina utata ndani ya Kiswahili chenyewe. Utata huzaliwa mpakani, pale lugha mbili zinapokutana, na dawa ya mpakani si kuongeza neno ndani ya nyumba. Mfano wa millardo unaonyesha kwamba neno lisilohitajiwa na wenyeji hubaki kamusini, hata likiungwa mkono na rais na Akademia kwa pamoja.

Badala yake tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mfasiri wa hesabu asifasiri neno, aifasiri hesabu. Aiandike pembeni kwa sifuri zake zote, kisha atafute neno la Kiswahili linalozilingana. Pili, atazame tarehe na mahali ilikotoka hati, hasa kwa Kiingereza cha Uingereza cha kabla ya mwisho wa mwaka 1974 na kwa Kihispania cha Marekani na Puerto Rico. Tatu, katika mikataba, zabuni na taarifa zinazovuka mipaka ya lugha, kiasi kitajwe mara ya kwanza kwa maneno na kwa tarakimu kamili, au kwa njia ya ‘milioni elfu’, ambayo haina mshindani katika lugha yoyote kati ya hizi. Nne, kamusi na orodha zetu za istilahi ziache kutosheka na kusema kwamba bilioni ni ‘hesabu kubwa’ au kulitaja tu neno la Kiingereza lililo sawa nalo, na badala yake zitaje idadi ya sifuri.

Jambo hili la nne ndilo kazi ya vyombo vya lugha. Akademia ya Hispania haikufanikiwa kuwafanya watu wote waseme millardo, lakini ilifanikiwa katika jambo lililo kubwa zaidi: kila mwenye kuifungua kamusi yake atakuta imeandikwa wazi kwamba billón ni moja ikifuatwa na sifuri 12. Mwalimu wa Mtwara, karani wa Mombasa na mfasiri wa Bukavu nao wanastahili jibu lililo wazi kama hilo katika lugha yao.